Msusi wa Kisogoni

Kamusi ya shule ya Beryl, ile ya jalada la buluu iliyochanika mgongo, inasema kioja ni kitu au jambo lisilo la kawaida, linalowafanya watu washangae. Nzau Kitavi aliisoma maana hiyo jioni moja akisubiri maji ya ugali yachemke, akaifunga kamusi kwa kishindo. Haikumwambia jipya. Yeye neno hilo amelivaa kifuani miaka sita, limeandikwa kwa herufi nyeupe juu ya aproni nyekundu, na kama waliotunga kamusi wangemuuliza, angewaongezea mambo mawili matatu waliyoyasahau.

Kwa mfano, hawakuandika kwamba kioja hakisalimiwi. Ng'ombe akizaa ndama wa vichwa viwili, watu hutoka vijiji vitatu kuja kumwona, lakini hakuna anayemuuliza ndama ameamkaje. Hawakuandika pia kwamba kioja hutazamwa tu, hakiaminiwi. Watu watasimama, watatoa simu, watapiga video, watacheka mpaka wafute machozi, halafu wakitaka kazi ifanywe vizuri watamtafuta mtu mwingine.

Na kazi yenyewe ni gani? Nzau husuka nywele za wanawake. Basi. Hamezi moto, halali juu ya misumari, hatembei kwa mikono. Mwanamume akishona gauni la bibi harusi, huyo ni fundi. Akipika pilau ya watu mia tatu, huyo ni mpishi, na watu hutaka namba yake ya simu. Akimkanda mwanamke mgongo hospitalini, wanamwita daktari hata kama si daktari. Lakini ashike kitana tu, amegeuka ndama wa vichwa viwili. Nani aliyekaa chini akapanga hivyo? Nzau angependa sana kukutana naye, wazungumze.

Kazi yake iko Kenyatta Market, kwenye kibanda cha Nyokabi, upande ule moshi wa nyama choma unakoingilia vibanda vya nywele bila kubisha hodi. Hapo mtu hasukwi na msusi mmoja. Mteja akishaketi, wasusi watatu au wanne wanamzunguka, kila mmoja na upande wake, na kichwa ambacho kingechukua siku nzima kinakwisha kabla ya saa nane. "Kidole kimoja hakivunji chawa," Nyokabi hupenda kusema, na wateja wageni hushtuka kusikia chawa wakitajwa karibu na vichwa vyao. Lakini vidole hivyo havina cheo kimoja. Anayesimama mbele, kwenye paji la uso, ndiye mwenye kichwa. Ndiye anayepima mistari, ndiye anayezungumza na mteja, na ndiye mteja atakayemuulizia siku akirudi. Wengine hufuata anavyotaka yeye. Wa mwisho kabisa ni wa kisogoni, kwa sababu kisogo hakionekani kwenye kioo wala kwenye picha.

Nzau ni wa kisogoni. Miaka sita. Siku ya kwanza aliambiwa kwamba wateja hawatapenda mwanamume awapumulie usoni, na tangu hapo hakuna aliyerudi kuuliza kama mambo yamebadilika. Kwa hiyo Nairobi anaijua kwa upande wa nyuma. Anakijua kisogo chenye kovu la kuungua na pasi, anakijua chenye mikunjo miwili kama chapati iliyokunjwa, anakijua kile cha karani wa benki ambacho nywele zake huota kwenda juu. Akiwakuta barabarani wamempa mgongo, angeweza kuwataja mmoja mmoja na siku aliyowasuka. Wakigeuka, hawajui, na wao hawamjui.

Jina lilianza kwa Mbuthia, mchoma nyama wa ng'ambo ya njia. Siku Nzau alipoketi mara ya kwanza na kitana mkononi, Mbuthia aliacha kisu chake juu ya ubao akapaza sauti: "Kujeni muone kioja! Mwanaume anasuka!" Watu wakaja, wengine na mifupa mikononi. Nzau akacheka. Hilo ndilo kosa lake, na analijua mpaka leo: alicheka. Alidhani mgeni akichekwa acheke pia, wiki ijayo watazoea. Siku ya tatu alikuwa ameanza kuinama na kupunga mkono kama mwigizaji anayeshukuru watazamaji. Basi maji alikuwa ameyavulia nguo mwenyewe. Mwezi haujaisha, Nyokabi akamwita mwandishi wa mabango, ubao wa kibanda ukabadilishwa ukaandikwa KWA KIOJA, na Nzau akaletewa aproni ile nyekundu pamoja na kofia ya rangi hiyohiyo. Kitambaa cha kufunika pua alijinunulia mwenyewe kwa sababu ya vumbi la nywele.

Sokoni pale watu huitana kwa majina ya watoto wao. Nyokabi ni Mama Ciru. Mbuthia, pamoja na kelele zake zote, ni Baba Mwaura. Hata Shiko, msusi wa mbele ambaye juzijuzi tu alikuwa mtoto mwenyewe, ni Mama Junior. Nzau ana binti wa miaka kumi na mitatu, anatajwa kila siku na baba yake kwa yeyote aliye tayari kusikiliza, lakini hakuna aliyewahi kumwita Baba Beryl. Kioja hakina watoto.

Wala hakuitafuta kazi hii kwa kupenda maajabu. Kwao Mwingi mama yake alikuwa akisuka vyondo, na mtoto yeyote aliyekuwa karibu, wa kike au wa kiume, alipewa katani aisokote pajani. Vidole vilijifunza hapo. Alipokuja Nairobi alifanya kazi ya mjengo mpaka ukuta ulipomwangukia begani, na bega likakataa kubeba hata ndoo. Wakati huo mkewe Kalekye alikuwa akiwasuka majirani kwenye ploti wanayoishi, Riruta. Nzau akaanza kumsaidia kwa sababu kukaa bure kulikuwa kunamla. Wakagundua kwamba yeye ni mwepesi kuliko Kalekye, na mistari yake imenyooka zaidi. Kalekye alipopata kazi ya nyumba huko Lavington, kazi ya kulala hukohuko na kurudi nyumbani Jumapili moja kwa mwezi, alimwachia mumewe mambo mawili: kitana na mtoto.

Kichwa cha kwanza alichokisuka peke yake, mbele mpaka nyuma, ni cha Beryl. Beryl alianza kusukwa akiwa na nywele za kushikika kwa shida, akilia hata kabla hajaguswa. Kila baada ya wiki mbili, Jumapili wakitoka kanisani, Nzau alikuwa akitoa stuli nje ya mlango, Beryl anakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, na ploti nzima inapita ikiwasalimu. Mpaka mwaka huu, alipoingia gredi ya saba katika shule mpya. Jumapili ya kwanza ya muhula alisema, "Baba, leo unisukie ndani." Nzau akadhani ni baridi. Jumapili iliyofuata Beryl alivuta pazia pia. Kisha siku moja Nzau akiwa bafuni alimsikia akiongea na msichana langoni, msichana anasema nywele zimetoka vizuri, amesukwa wapi, na Beryl anajibu haraka, "Anti yangu."

Beryl hana shangazi Nairobi. Nzau alisimama na sabuni machoni, akasikia ikimchoma, asiioshe.

Tangu hapo mikutano yote ya shule alikwenda Kalekye, kwa kuomba ruhusa huko Lavington na kulipia ruhusa hiyo kwa kufua mapazia. Kwenye fomu ya shule, mahali palipoulizwa kazi ya baba, Beryl aliandika "biashara". Nzau aliisoma, akatia saini. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye alikuwa akilia kimyakimya, kwa hasira, kila alipofunga kamba za aproni ile. Soko zima lingeweza kumwita linavyotaka. Alichotaka yeye ni kidogo sana: siku moja tu, mbele ya watu, mtoto wake aseme huyu ni baba yangu.

Mambo yaliiva wiki moja ya mwezi wa saba. Alhamisi aliingia mteja, mama mnene mwenye kidoti cheusi kikubwa kisogoni, chini kidogo ya mstari wa nywele. Walimsuka watu wanne. Katikati ya kazi simu ya Shiko ikalia, akatoka nje, na mbele pakabaki wazi. Nzau akasogea kushika nafasi. Yule mama aliona aproni nyekundu kwenye kioo akaweka kiganja juu ya paji lake la uso.

"A-a, huyo abaki tu huko nyuma," alimwambia Nyokabi, kana kwamba Nzau ni kiti kinachohamishwa.

Akarudi nyuma. Akamaliza kisogo, akakimaliza vizuri, kwa sababu hasira haijawahi kumpotezea mstari. Mteja alipoondoka, alimfuata Nyokabi aliyekuwa akifagia.

"Mama Ciru, nataka tuongee."

"Ongea, Kioja."

"Ni hiyo ndio nataka tuongee. Hiyo jina. Toa kwa board. Andika Fundi Nzau."

Nyokabi aliegemea ufagio. Si mwanamke mbaya. Mwaka Nzau alipougua homa ya mapafu alimtunzia nafasi yake mwezi mzima. "Fundi Nzau ni nani?" aliuliza, kwa upole kabisa. "Mafundi wamejaa hii soko. Mtu atoke Lavington na gari yake, apite saluni zote huko, aje hapa kuona fundi? Anakuja kuona kioja. Hiyo jina ndio inatulisha sisi wote, na wewe pia."

"Basi niweke mbele. Hata kichwa moja kwa wiki."

"Si umesikia vile customer amesema?"

"Kwani unataka kuona nini huko mbele?" Shiko alidakia, na kibanda kizima kikacheka, na Mbuthia ng'ambo ya njia akacheka pia bila kujua kinachochekwa. Nzau alivua aproni akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika. Kesho yake asubuhi aliikunjua akaivaa.

Ijumaa hiyo jioni Kalekye alipiga simu. "Baba Beryl," alisema, kwa maana katika dunia nzima ni yeye peke yake anayemwita hivyo, "kesho siwezi kutoka. Mdosi amesafiri, ameniachia watoto. Enda wewe shule. Ripoti hawapeani bila mzazi."

Beryl alikuwa akiosha sufuria. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Baba, si tungoje tu Mum apate off?"

"Umesikia ripoti ni kesho."

Beryl akamtazama tangu kola hadi viatu. "Utavaa suti?"

"Nitavaa suti."

"Na usiongee sana."

"Sitaongea sana."

"Na wakiuliza kazi?"

"Biashara," Nzau akasema. Beryl akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa wazazi. Nzau, kwa mazoea, alikwenda kuketi nyuma kabisa. Mazoea yana taabu. Alipoinua macho alikuta mbele yake amepangiwa visogo safu kwa safu, na moyo ukamlipuka kidogo kwa fahari, kwa sababu viwili vilikuwa kazi yake. Kimoja kilikuwa na kovu la pasi. Cha pili, kwenye safu iliyo mbele yake hasa, kilikuwa na kidoti cheusi. Nywele za Alhamisi zilikuwa bado mpya, zimetulia, mistari imenyooka hata yeye mwenyewe akairidhia.

Naibu wa mwalimu mkuu alizungumza mambo ya sare na kuchelewa. Kisha akasimama mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Ochola, kijana mwembamba mwenye shati la mikono mirefu na karatasi mkononi. Alisema wanafunzi wa gredi ya saba walipewa insha ya kuandika, mada ikiwa "Kioja Nilichokiona", na kwamba wengi waliandika juu ya nyoka na majini, lakini mmoja aliandika kitu cha kweli, hapahapa Nairobi.

"Beryl Nzau, njoo utusomee."

Beryl alikuwa amesimama na wenzake ukutani. Hakusogea. Alishika shingo yake akanong'ona kwamba koo linamuuma. "Basi nitasoma mwenyewe," akasema Mwalimu Ochola, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akitamani kuombwa.

"'Ilikuwa Jumamosi ya rasharasha. Nilirauka alfajiri na mapema nikashika njia kuelekea Kenyatta Market kwa mwendo wa aste aste. Lahaula! Nilichokiona huko kilinifanya nisimame tisti kama mlingoti. Mwanamume mzima, wa miraba minne, aliyevaa aproni nyekundu pyu, alikuwa akimsuka mwanamke!'"

Ukumbi ukacheka. Nzau hakuwa wa miraba minne. Alikuwa mwembamba tangu zamani.

"'Watu walimzunguka wakimtazama kama sinema. Yeye hakujali. Hushika kitana kwa meno, upande wa kushoto. Huimba wimbo wa kanisa, lakini ubeti wa pili tu, kwa sababu wa kwanza ameusahau. Kabla ya kuanza huipuliza mikono yake ipate joto. Vidole vyake ni vinene lakini haviumizi.'"

Kenyatta Market hakuna aliyewahi kumwona akipuliza mikono. Moshi wa Mbuthia unatosha kuipasha. Huipuliza nyumbani, Jumapili za baridi, kabla hajagusa kichwa kimoja tu. Mtoto alikuwa ameona kila kitu. Ameona, ameandika, na amempelekea mwalimu.

"'Mtu huyo simjui wala yeye hanijui. Lakini tangu siku hiyo nimeamini kwamba wahenga hawakukosea waliposema tembea uone.'"

Makofi yakapigwa. Kicheko kikaanzia mbele kikashuka safu kwa safu, na Nzau, aliyekuwa nyuma, aliona vichwa vikitikisika. Kisogo cha kovu kilitikisika. Kisogo cha kidoti kilitikisika kuliko vyote, ncha za nywele alizozichovya mwenyewe kwenye maji moto zikirukaruka mabegani. Mistari yake mwenyewe, iliyonyooka hivyo, ilikuwa ikimcheka.

Yule mama akageuka akifuta machozi. Uso wake ulikuwa mwema, wa duara. Nzau aliuona vizuri kwa mara ya kwanza. "Haki ya Mungu, huyo mwanaume ako!" alimwambia. "Amenisuka Alhamisi! Anavaa hiyo nyekundu kama trafiki. Wewe umewahi kumwona?"

Alikuwa akimtazama ana kwa ana. Bila aproni, bila kofia, bila kitambaa cha pua, ndani ya suti ya kanisani, Nzau hakuwa kioja wala nini. Alikuwa mzazi tu. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamepanda mpaka kwenye meno: ni mimi, na kisogo chako ni kazi yangu, na paji lako la uso Shiko amelipinda upande wa kulia. Akatazama ukutani. Beryl alikuwa amemkazia macho, na macho yale hayakuhitaji kamusi.

"Simjui," Nzau akasema. Petro angalau alimkana mtu mwingine. Yeye alijikana mwenyewe, na hakukuwa na jogoo wa kuwika.

"Wazazi, mmeona neno lilivyotumiwa barabara?" Mwalimu Ochola alikuwa akisema. "Kioja si lazima kiwe kibaya wala kizuri. Ni kile kinachokufanya usimame utazame." Kisha akauliza kama mzazi wa Beryl yupo. Nzau akasimama. Akapigiwa makofi. "Hongera sana, mzee. Huyu mtoto ana macho. Nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Biashara," akajibu, na akaketi chini.

Waliporudi, Beryl alitangulia hatua tatu kwenye vumbi la Naivasha Road, ripoti ikiwa ndani ya bahasha, na Nzau akamfuata akitazama kisogo chake. Kiswahili alikuwa amepata alama za juu kabisa darasani. Walipofika kwenye kona ya ploti, Beryl alisema bila kugeuka, "Baba, umekasirika?"

"Hapana."

"Ilikuwa insha tu."

"Nilisikia."

Alikuwa amekasirika mpaka masikio yanavuma. Alimkasirikia Mbuthia na kisu chake, Nyokabi na ubao wake, yule mama na kiganja chake. Alimkasirikia mwalimu aliyejua maana ya neno, asimjue anayeitwa kwa neno hilo. Zaidi ya wote alimkasirikia yule kijana wa miaka sita iliyopita aliyecheka, akainama, akapunga mkono. Mtoto alijifunza wapi kwamba baba yake ni wa kutazamwa? Kwa baba yake.

Jumapili wakatoka kanisani. Ilikuwa Jumapili ya kusuka, na Beryl alikuwa ameshafumua nywele zake zote tangu asubuhi, zimesimama kichwani chini ya kitambaa. Jumatatu hukaguliwa nywele langoni mwa shule. Alivuta pazia, akatandika mkeka, akaweka mafuta karibu. Nzau akachukua stuli, akapita katikati ya pazia, akaiweka nje mlangoni, mahali ilipokuwa ikikaa zamani.

"Baba, si ni ndani?"

"Ndani hakuna mwanga."

"Si kuna stima?"

"Leo ni nje, Beryl." Hakuwa ameinua sauti, lakini jirani aliyekuwa akianika nguo aligeuka. Nzau akaketi. Akaweka kitana juu ya goti. Akangoja.

Beryl alisimama nyuma ya pazia muda mrefu. Nzau aliviona vidole vya miguu yake chini ya pazia, vikijikunja na kujikunjua. Aliwaza kwamba pengine hatatoka. Atafunga kitambaa chake kichwani aende hivyo shuleni, arudishwe nyumbani, na kosa litakuwa la Nzau. Alikuwa karibu kuinuka airudishe stuli ndani, kama alivyorudi kisogoni Alhamisi, kama alivyorudi kila mara. Hakuinuka. Mwishowe pazia likafunguka, mkeka ukatupwa chini, na Beryl akaketi katikati ya magoti ya baba yake, amekunja uso, amempa mgongo.

Nzau akapuliza mikono yake. Akaanzia kisogoni. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ubeti wa pili wa wimbo ulimjia, akaumeza.

Alikuwa kwenye mstari wa tano lango la ploti liliposukumwa, akaingia msichana na pakiti ya maziwa, yule yule wa siku ya sabuni. Ni Stacy, waliohamia nyumba namba tisa mwaka huu; yuko gredi ya nane shuleni kwa Beryl, hakuwa ukumbini jana, wala hajawahi kukutana na Nzau anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Alipowaona akasimama.

"Haiya, Beryl! Kumbe unasukwa saa hii? Nani huyo anakusuka?"

Vidole vya Nzau vikasimama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka nguo zilizoanikwa, na yeye aliyasikia yote.

"Ni fundi," Beryl akasema.

Fundi. Miaka sita alikuwa amelililia neno hilo. Kama Nyokabi angelitamka Alhamisi, kama Mbuthia angelitamka hata kwa utani, Nzau angelipokea kwa mikono miwili akaenda nalo nyumbani. Sasa amepewa, na mwanawe, na kwa nini lilimuuma kuliko lile jingine? Aliona giza kidogo. Kisha akaona nywele alizozishika, mafungu matatu, yakimngoja.

Stacy alisogea karibu akainama kutazama mistari. "Anasuka fiti, aki. Mamangu anatafuta mtu kama huyu." Akainua uso kwa Nzau, kwa heshima kabisa. "Sasa, fundi. Unaitwa nani?"

Nzau alitoa kitana kwenye meno yake, upande wa kushoto.

"Baba Beryl," akasema.

Stacy alimtazama yeye, akamtazama Beryl, pakiti ya maziwa ikining'inia mkononi. Chini ya vidole vya Nzau kisogo cha Beryl kilikauka, mishipa ikasimama miwili, na shingo ikaanza kupata joto. Akalegeza mikono, ili mtoto akitaka kukimbia nywele zisimvute. Uso wake hakuuona, maana alipokaa yeye uso hauonekani. Aliona kisogo tu, na kwamba hakuinuka.